Vidonge vya Nywele na Mkono wa Idd wa Mzee Alio

Kuna watu hapa Garissa ambao mpaka leo, siku ya Idd, wakiniona hunyoosha mkono kutoka mbali na kuniuliza kwa upole wa kinafiki kama kifua kinaruhusu kukumbatiwa, na mimi nacheka nao kwa sababu sina la kufanya, aibu ni yangu na niliitafuta mwenyewe (niliiagiza kutoka Amerika, kusema kweli). Nawasimulia leo mcheke mpaka mshibe, ila mkimaliza mnisaidie kumsifu mzee mmoja, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya kulia.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa mkalimani wa ofisi ya mifugo, yaani daktari wa wanyama anakuja kutoka bara na Kiswahili chake, wafugaji wana Kisomali chao, na mimi nasimama katikati nikipitisha habari za chanjo, minyoo na kuhasi madume, na nilikuwa najivuna mjini kwamba sijawahi kuangusha neno hata moja njiani. Nilikuwa pia nimemposa Ubah, mwalimu wa chekechea aliyekaa kwa shangazi yake mtaa wa Galbet. Baba yake, Mzee Alio, alikuwa kwa ngamia wake huko Kutulo, hajawahi kuniona, akaagiza picha ya huyo anayetaka binti yake.

Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe ulivyokuwa mdogo. Badala ya kwenda kupiga picha mpya, nilituma ya zamani, ya siku za chuo, nywele zimejaa kichwani kama kichaka, na wakati huo utosini kwangu palikuwa pamebaki uwanja. Ubah mwenyewe alikuwa ananiona na kofia tu. Nilijiambia, picha ni picha, mzee yuko mbali, nani atanivua kofia?

Kisha habari ikaja kwamba Mzee Alio atafunga Ramadhani kwao, lakini Idd ataswali Garissa, aone kijana kwa macho yake ndipo aseme ndiyo au hapana. Nikaona picha ile imenigeuka. Kwa bahati (wakati huo niliita bahati) binamu yangu aliyeko Amerika alikuwa amenitumia vidonge vipya vya wanaume wanaopoteza nywele, na nilikuwa navimeza miezi kadhaa, kimoja kwa siku kama karatasi ilivyoagiza. Nywele zilikuwa zinajitahidi, lakini pole pole, na mzee yuko njiani. Kwa hiyo Ramadhani ilipoingia nikaanza kumeza viwili wakati wa futari na viwili wakati wa daku, kwa hesabu yangu ya kijinga kwamba dawa ikizidi mara nne, nywele nazo zitakimbia mara nne.

Nywele hazikukimbia. Kilichokimbia ni kifua. Kwanza nikahisi kitu kinaniwasha chini ya chuchu, kisha kikauma, kisha nikagundua kwamba shati lenyewe likigusa tu naona nyota. Na kuna jambo jingine ambalo nalisema haraka nipite: hata kumuwaza Ubah, kazi niliyokuwa naifanya bila kuchoka, kukapoa. Niliogopa sana, lakini nilinyamaza, nikavaa fulana mbili chini ya kanzu.

Siku ya Idd tukaswali uwanjani, Galbet, safu kwa safu, na hotuba ilipokwisha watu wakaanza kupeana mkono wa Idd. Shangazi yake Ubah alikuwa amemwelekeza mzee mahali nilipo, na nikamwona anakuja, mrefu, ndevu zenye hina, kilemba cheupe. Akanipa salamu, akanitazama usoni, akafungua mikono. Mikono ile ilikuwa imevuta maji katika visima vya Elwak tangu ujana, jamani, na ilinikamata kifua kwa kifua, ikanibana kwa mapenzi yote ya mkwe.

Nikapiga yowe. Na ingekuwa yowe la kiume ningesamehewa, lakini niliita "Hooyo!", yaani mama, kwa sauti nyembamba iliyofika mpaka safu za wanawake, kisha nikaketi chini kwenye mchanga, kofia ikadondoka, na uwanja wa utosini ukaonekana mchana kweupe.

Watu wakajaa. Mmoja akasema nina risasi mwilini, maana nilikuwa nimetoka safari ya Wajir juzi na barabara ile mnaijua kwa majambazi. Mwingine akasema hapana, ni kifua kikuu, huyu amekuwa akikonda, na nikaona vichwa vinageuka kumtazama Mzee Alio, kwa sababu hakuna baba anayempeleka binti kwenye nyumba yenye kikohozi. Mzee aliinama. Aliokota kofia, akaipangusa, akanivika, kisha yeye na wanaume wengine wakanibeba mpaka kwenye pikapu iliyokuwa na mbuzi wawili wa Idd, nikapelekwa kliniki nikiwa nimelala katikati ya mbuzi kama wa tatu wao.

Zamu ilikuwa ya daktari, Bi Wakesho, Mtaita, ambaye kila Idd alijitolea kubaki kazini ili wenzake Waislamu wakaswali. Aliwafukuza wote kwa kidole kimoja, akafunga mlango, akanipima. Chini ya kila chuchu palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya tende. Hakucheka. Aliuliza tu, "Unatumia dawa gani?" Nikatoa pakiti mfukoni, akaisoma, akaniuliza navimeza vingapi, nikamwambia, akavua miwani.

Hapo mlango ukagongwa. Mzee Alio alitaka kuingia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniumiza. Bi Wakesho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unataka aingie? Ni haki yako kukataa." Nikafikiri, nikimkataza atajua ninaficha ugonjwa, na tena mzee huyu wa Kutulo tangu afike sijamsikia akisema Kiswahili hata cha kuombea maji, kwa hiyo anachokijua kitakuwa ninachomwambia mimi. Nikasema aingie.

Akakaa kwenye kiti, fimbo magotini. Bi Wakesho akasema, "Basi mkalimani, mweleze mzee, kama unaridhia, kwa sababu ana hofu. Mwambie mwanamume ana homoni yake ya kiume, na sehemu ya hiyo mwili huigeuza ikawa kali zaidi, na hiyo kali ndiyo inayokausha mashina ya nywele za utosini kwa waliorithi kipara. Kidonge hiki kinazuia ile kugeuzwa. Hiyo ndiyo faida. Lakini homoni iliyozuiwa haipotei, inajikusanya, na nyingine mwili unaigeuza kuwa homoni ya kike, maana hata mwanamume anayo kidogo. Mizani ikilala upande huo, kifua kinaumuka na kuuma, na hamu inashuka. Wengi wanaomeza kimoja hawaoni shida. Huyu alimeza vinne. Dawa hii naijua, wazee wenye uvimbe wa tezi dume wanapewa nyingi kama hivyo, lakini ni kwa ugonjwa, na daktari akiwaangalia."

Nikamgeukia mzee, nikasema kwa Kisomali, nikimwita ami kwa heshima, "Adeer, daktari anasema nilibeba magunia ya sukari, msuli ukateguka."

Bi Wakesho akanitazama. "Yote yale kwa maneno machache hivyo?"

"Kisomali ni lugha fupi," nikasema. (Kisomali! Lugha ambayo mtu huweza kumsifu ngamia mmoja kutoka asubuhi mpaka adhuhuri bila kurudia sifa.)

Mzee Alio akaweka fimbo chini. Kisha akasema, kwa Kiswahili, taratibu, kila p ikigeuka b mdomoni mwake, "Daktari, asante. Mimi nimeuza ng'ombe Bangale mbaka Mariakani, huko bwani, miaka kumi. Kiswahili yako nimesikia yote."

Nilitamani mbuzi warudi wanichukue.

"Kwa ngamia hii kitu tunajua," akaendelea, akimwambia daktari. "Dume tukihasi, inaneneba, manyoya inakuwa laini, inakuwa bole. Kutulo tunafanya na kisu, bure. Huyu ametuma mbaka Amerika." Bi Wakesho aligeukia kabati la dawa na mabega yake yakawa yanatikisika. Mzee yeye hakucheka. Alinigeukia mimi. "Kijana. Kibara si aibu." Akainua kilemba, na ndani yake palikuwa na kichwa kinachong'aa, hakina hata unywele wa ushahidi. "Watoto kumi na moja. Lakini mkalimani akidanganya, watu wawili wanakuwa kiziwi. Binti yangu utamtafsiria nini, siku nyumba ina shida?"

Nililia kidogo, na safari hii haikuwa kifua.

Akamuuliza daktari kama kitu hiki kinapona. Bi Wakesho akasema niache vidonge leo hii, nirudi apime, kwa wengi uvimbe mpya kama huu hupungua kwa wiki na miezi, mizani ikirudi mahali pake, na hata ile hamu hurudi. Mzee akahesabu kwa vidole. "Idd ya kuchinja nitarudi. Nitakukumbatia tena, mbele ya watu. Hapo nitajibu."

Tukatoka. Nje watu walikuwa bado wanasubiri risasi au kifua kikuu. Mzee Alio, ambaye angeweza kunimaliza kwa sentensi moja na hakuna ambaye angemlaumu, akawaambia, "Kosa ni langu. Nilimbana kama ninabana kamba ya ngamia. Daktari amesema kikohozi hana." Kila neno lilikuwa kweli, na aibu yote akaibeba yeye. Nimetafsiri maneno ya wakubwa wengi, lakini sijasikia mtu akisema vizuri kuliko pale.

Siku kama sabini nilihesabu kila asubuhi kwa kidole kifuani. Kokwa ikawa punje ya mahindi, kisha punje ya mtama. Nywele zile chache zikaniaga, nami nikaziaga, na Ubah nilimvulia kofia mwenyewe uani kwa shangazi yake, akatazama, akasema, "Kumbe ni hiki tu ulichokuwa unafuga?"

Idd ya kuchinja ikafika. Safari hii nilisimama kichwa wazi, na mji mzima ulikuwa umesogea karibu kusikiliza. Mzee Alio akafungua mikono, akanibana zaidi ya mara ya kwanza, na sikulia. Kisha, mdomo wake karibu na sikio langu, akauliza chini chini, kwa Kiswahili kile cha kliniki, "Inauma?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja, na mke ni wangu.

"Inauma kidogo, adeer," nikasema.

Akaniachia, akanishika mabega, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Sasa umetafsiri fizuri," akasema, na papo hapo akawaita wazee waje tupange siku ya nikahi.