Mungu wa Wachina Asiyejua Kichina

Nikisikia harufu ya ile dawa ya mbu ya kijani, ya kuzunguka, inayowashwa ikafuka chumba kizima, natoka nje mbio mpaka leo. Mume wangu anadhani nina pumu. Simwambii kitu. Ninyi nitawaambia, maana nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Nilikuwa shule ya msingi bado, tunakaa Kasingirima, mjini Kigoma, na bibi yangu mzaa mama. Mama alikuwa ameshafariki, na alizikwa nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja cha ukoo. Kaburi lenyewe halikuwa na sementi wala maandishi. Lilikuwa tuta tu, na mawe machache ya kutoka ziwani, na mrehani ambao Bibi aliumwagilia kila asubuhi maji yaliyobaki kwenye birika la udhu. Ndiyo maana waliokuja kupima barabara hawakuliona. Sisi tulikuwa msibani Kasulu. Tuliporudi tukakuta kigingi chenye rangi nyekundu kimepigiliwa kichwani kwa mama: mtaro wa maji ya mvua unapita hapo.

Bibi alizunguka ofisi mpaka kandambili zikalika kisigino. Kila alikokwenda aliambiwa asubiri, na huku anasubiri, kijiko kinakuja. Kijiko ndilo lile tingatinga lenye mkono mrefu wa kuchimbia. Kigoma nzima tuliliita hivyo. Fikiria mtoto anaambiwa kijiko kitapita kwa mama yake. Nilikuwa nikipakuliwa chakula naangalia pembeni, nakula kwa vidole. Jioni moja kikafika kwa jirani, kikazimwa ukutani kwetu kabisa. Kesho yake ilikuwa zamu yetu.

Alfajiri Bibi alinivalisha gauni la Idi, akanipakia kwenye bodaboda, kitu alichokichukia kuliko vyote duniani, na njia nzima akamsemesha yule kijana: polepole baba, mimi sijabeba viazi. Tukashuka Gungu, kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wanajenga barabara. Mabati ya bluu, makontena, kuku wengi. Watu walipaita Uchinani, na watoto tulijua kwa uhakika kwamba nyuma ya jiko kuna nyumba ya mizimu inayofukizwa moshi asubuhi na jioni.

"Mwakeye, mama," alituamkia mlinzi, kijana wa Kiha.

"Mwakeye. Namtaka yule mzee wa kijiko."

"Si umwone bosi?"

"Bosi nimeshamwona. Anayechimba ni huyu."

Mzee wa kijiko tulimwita Mzee Liu. Kina mama wa soko la Kibirizi walimjua kwa jinsi alivyonunua dagaa, anawachagua mmojammoja kama anachambua mchele, na Kiswahili chake alikiokota hukohuko sokoni. Alimsikiliza Bibi akiwa amechuchumaa, mswaki mkononi. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mama yake huyu?"

"Mama yake. Mwanangu mimi."

Mzee Liu akautia mswaki mfukoni. Getini pikapu ya kuwapeleka madereva kazini ilishaanza kupiga honi.

"Mimi nakataa, bosi naleta dereva mwingine," akasema. "Lakini mungu akikataa, dereva wote hapana chimba. Wote naogopa." Akasimama. "Twende. Tunauliza."

Basi tukapelekwa nyuma ya jiko. Hekalu lenyewe lilikuwa kibanda cha mbao zilizopakwa rangi nyekundu. Bibi alisema baadaye kwamba choo chetu kilikuwa kikubwa zaidi. Ndani palikuwa na sanamu ya mzee mwenye ndevu nyeupe, anacheka, mbele yake machungwa, kikombe cha chai na pakiti ya sigara. Vijiti vyembamba vilifuka moshi kwenye kopo la mchanga. Harufu ileile. Nje madereva walikuwa wamejipanga, kofia za kazi mikononi, maana kila asubuhi kabla ya kugusa udongo walipita hapo kwanza. Nilipokua nikaambiwa hiyo ni dini ya Tao, na yule babu ni mungu wa ardhi.

Bibi alikomea mlangoni. "Mimi humo siingii."

"Wewe hapana. Mtoto. Mwenye mama ndiyo anatupa."

Akaniwekea mkononi vipande viwili vya mti, vimepinda kama korosho, upande mmoja bapa, upande mmoja wa mviringo. Bibi akanikamata bega. Mnaelewa alikuwa nani bibi yangu? Mwanamke wa Ujiji aliyesomesha watoto juzuu barazani kwake, na sasa mjukuu wake yuko mlangoni pa sanamu. Nilisikia vidole vyake vinanichoma. Honi ikapigwa tena, ndefu. Bega likaachiliwa.

"Ingia," akaninong'oneza. "Usipige goti. Tupa, utoke. Mwenyezi Mungu anajua tulichofuata."

Nikaingia. Mzee Liu alisimama kando yangu, akainama, akaanza kusema na sanamu kwa Kiswahili. Nilimtazama mpaka akaona.

"Huyu wa hapa," akanieleza. "Ardhi ya Kigoma. Kichina hajui."

Halafu akapaza sauti, wote wa nje wasikie: "Mzee! Hapa kaburi ya mama ya mtoto. Leo mimi nachimba, sawa?"

Nikatupa. Vikagonga sakafu, kimoja kikabiringika mpaka chini ya meza. Mzee Liu akapiga magoti, mgongo wake ukaziba mlango wote. Niliviona vizuri: kimoja kililala bapa juu, kingine mviringo juu. Aliviangalia muda mrefu, mpaka nikaanza kulia bila sauti. Dereva mmoja alipotaka kuchungulia, Mzee Liu akavizoa vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

"Hapana," akasema. "Amekataa."

Akarudia kwa Kichina. Wale wanaume wakanung'unika, wakatazamana, mmoja akavaa kofia yake akarudi kulala. Mzee Liu akawasha vijiti vingine, si kimoja wala viwili, fungu zima, akamwinamia yule babu tena na tena navyo mkononi, hadi majivu yakanidondokea miguuni. Nilidhani anashukuru.

Bosi alifoka wiki nzima, lakini hakuna aliyekaa kwenye kijiko kile kugusa pale. Mwishowe mtaro ukapindishwa. Ukifika Kasingirima utauona, na mvua ikinyesha utasikia majirani wanavyowasema mainjinia. Bibi siku ile alinikogesha mara tulipofika, akanishahadisha, na yeye mwenyewe hakuinuka kwenye msala mpaka adhuhuri. Mzee Liu alitolewa kwenye kijiko akapewa kuendesha boza la maji, kisha tukasikia amerudi kwao.

Nilikua na kiburi changu cha siri: kwamba kwa mkono wangu huu nilimwokoa mama.

Nikaja kupata kazi ya stoo kwenye barabara nyingine, upande wa Rukwa. Pale kulikuwa na dada wa Kichina, mhasibu, tuliyezoeana. Siku moja akanionyesha vipande vya mti kama vile vya hekaluni, akanifundisha. Vikilala mviringo juu vyote viwili, mungu amekataa. Bapa juu vyote, anacheka tu, uliza tena. Kimoja hivi na kimoja hivi, amekubali.

Nilimwomba arudie. Nikamuuliza kama pengine sehemu nyingine za China wanahesabu vingine. Akanicheka. Hilo, alisema, kwao hata mtoto mdogo analijua.

Siku hizi nikienda kumwombea mama, namtaja na Mzee Liu. Bibi angekuwa hai angenigombeza, anigombeze hasa, kwamba namwombeaje mtu asiye wa dini yetu. Ningemkalisha chini nikamwambia: Bibi, mle ndani mungu wao alisema chimba. Yule mzee alimwamini kwa roho yake yote, na alimsingizia kwa ajili yetu.