Vijana Kumi na Saba wa Mtaa Mmoja

Fundi cherehani ana watoto wawili. Mkubwa, wa kiume, aliondoka miaka minne iliyopita kutafuta kazi, na sasa ni miezi minane hajapiga simu. Mdogo ni binti, yuko kidato cha tatu, na ndiye aliyeleta nyumbani kazi ya jiografia: ahesabu watu wa mtaa wake, awapange kwa umri, miaka mitano mitano, kisha achore piramidi kwenye karatasi ya grafu. Wanaume kushoto, wanawake kulia, mraba mmoja mtu mmoja.

Jumamosi walizunguka pamoja nyumba zote kumi na tisa, maana fundi hamwachi bintiye abishe hodi kwa watu peke yake. Kila mlango mama mwenye nyumba alitaja watoto wake kwa vidole. Walipofika kwao, binti akaandika wawili, yeye na mama yake, akafunga daftari.

"Na kaka yako," fundi akasema.

"Kwani kaka yupo, mama?"

"Kitanda chake si kipo? Andika, ishirini na sita."

Akaandika.

Jumanne kazi ilirudi na wino mwekundu. Mwalimu hupita mtaa ule kila siku akienda kazini. Alikuwa amezungushia duara ile mistari mirefu ya kushoto, ya miaka ishirini hadi thelathini, akauliza vijana hawa kumi na saba wanajificha wapi, maana yeye humwona kinyozi na mwenye duka tu. Akaeleza kwamba anayehesabiwa ni yule aliyelala ndani ya nyumba usiku wa kuamkia siku ya kuhesabu. Kazi irudiwe.

Fundi aliona aibu, halafu akashangaa. Alidhani uongo ule ni wake peke yake. Kumbe kina mama wa mtaa mzima, bila kuambiana, kila mmoja alikuwa amemwandikisha mwanawe aliyekwenda zake.

Wakarudi mlango kwa mlango. Muuza mkaa, mwenye wana watatu wasioonekana, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwambieni huyo mwalimu aje alale hapa yeye, nipate wa kumhesabu."

Kisha akaingia ndani, na hakutoka kuwaaga. Wengine walijibu haraka, macho chini, kama watu wanaoulizwa habari za ugonjwa.

Jioni, kwenye meza ya kukatia nguo, binti alifuta mraba mmoja baada ya mwingine. Akabakiza nyumba ya mwisho.

"Mama, jana kwetu tumelala wangapi?"

Fundi aliendelea kukata kitambaa mpaka mstari wa chaki ukaisha. Akisema watatu, mtoto ataandika watatu na kukatwa alama bila kulalamika, anamjua. Akisema wawili, atakuwa ametamka kwa kinywa chake jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata huyu anayekula naye kila siku.

"Wawili," akasema. "Lete hicho kifutio."

Alifuta mwenyewe, akasugua kupita kiasi, karatasi ikatoboka. Binti akatoa karatasi nyingine, mama akashika rula isiteleze, wakaanza na upande wa kulia, wa wanawake, kwenye watu wengi.