Baba Chini ya Pikapu

Juzi huko Mutomo niliona miguu ya fundi ikitokeza chini ya pikapu kuukuu, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja nikiwa mtoto, alikuwa chini ya pikapu yetu, akigonga springi zilizoliwa na kutu. Harufu ya grisi ilijaa uani. Ghafla nyundo ikanyamaza.

"Baba?"

"Imekufa hii," akaguna.

Nilidhani ni miguu yake. Nikakimbia nikilia hadi shambani, mama akaja mbio.

"Ni springi tu, Mama Mwende," baba akacheka.

Mama hakucheka. Aliinama, akaona gari limeshikiliwa na jeki moja tu, iliyosimama juu ya mchanga.

"Toka huko. Sasa hivi!"

Baba alipotoka, mama aliketi chini.

Kwa miaka mingi nilijicheka kwa kilio kile. Leo najua jeki huzama mchangani, na sijicheki tena.