Mkizi wa Mtoni

Nina banda la samaki wa kukaanga Magomeni, hapa Mtwara mjini, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kazi haibadiliki. Asubuhi napokea tenga, napara magamba, naosha, natia chumvi na ndimu, nasubiri nusu saa, ndipo nabandika karai la mafuta. Mke wangu hushughulikia mihogo. Miaka mingi samaki wangu bora walikuwa mkizi wanaovuliwa pale Ruvuma inapoingia baharini, wanene kuliko wa kwingine. Mteja akiuliza wametoka wapi, nilijibu "wa mtoni" kwa sauti ya kusikika hadi banda la jirani.

Vita ilipozuka ng'ambo, upande wa Msumbiji, mjini kwetu hatukusikia risasi. Ilitufikia kwa njia nyingine. Waliozoea kuvuka kwenda kulima mpunga wakaacha. Wavuvi wakakatazwa kutoka usiku. Pikipiki za samaki zikawa zinasimamishwa na kupekuliwa njiani, hata tenga la alfajiri likawa linafika saa nne. Kisha zikaja habari kwamba mtoni zimeonekana maiti. Mimi sikuziona, wala sikukutana na mtu aliyeziona kwa macho yake, lakini hazikupita wiki mbili, hakuna aliyetaka tena samaki wa kule. Ilisemwa wamekula watu.

Wateja waliendelea kuuliza samaki wametoka wapi, ila sasa waliuliza kabla ya kutoa mkono mfukoni. Dereva mmoja wa bodaboda alimnyanyua mkizi kwa mkia, akamgeuzageuza, akataka kujua kama ana kitambulisho cha taifa.

"Ana barua ya mwenyekiti wa mtaa," nikamjibu. "Mkazi wa Mikindani huyu."

Watu wakacheka, naye akanunua wawili. Nilianza hivyo, kwa mzaha. Kesho yake nilisema Mikindani, pwani iliyo mbali na mto, bila mzaha.

Samaki walikuwa wa mtoni. Mchuuzi wangu hakuwa na pengine pa kuwatoa, nami sikuwa na mchuuzi mwingine. Hata hivyo hiyo siyo sababu niliyojipa. Niliishia darasa la saba, na mengi ninayoyajua nimejisomea mwenyewe. Ninacho kijitabu cha uvuvi nilichokinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika, nimekipigia mistari kwa penseli. Kinaeleza kwamba mkizi hula mwani mwembamba na vitu laini vilivyomo kwenye matope. Basi nikajiambia kuwa hofu ya watu ni ujinga, na kwamba anayejua halazimiki kubishana na asiyejua. Neno uongo sikulitumia.

Wakati huohuo mke wangu alimchukua mwanamke mmoja wa kutusaidia kumenya mihogo. Alikuwa amevuka mto na binti yake mdogo, wakatokea Kitaya, kijiji cha ukingo wa kwetu, kisha wakafikia kwa dada yake, mtaa wa Chuno hapa mjini. Mumewe aliwapakia kwenye mtumbwi uliokuwa umejaa, yeye akabaki ukingoni kusubiri urudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari yake, ya uhai wala ya kifo. Mwanamke huyo alimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi nikawa shemeji. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Ndoo mbili za mihogo zilikuwa tayari kabla mafuta yangu hayajachemka.

Mchana tulimpa chakula: muhogo, kachumbari na samaki mmoja. Siku ya kwanza aliishika sahani bila kukaa.

"Shemeji, huyu katoka wapi?"

"Mikindani."

"Kweli?"

"Mikindani, shemeji. Kula."

Akakaa, akala. Aliniuliza hivyo kila siku, hata siku za kazi nyingi, tangu mvua zilipokatika hadi korosho zilipoanza kuanguka, nami nilimjibu kila siku. Mke wangu alijua. Mara mbili aliniambia kwamba huyu si mteja, nimweleze ukweli achague mwenyewe. Nilimjibu kwamba alikuja amekonda, sasa mashavu yamerudi, na hakuna kilichomdhuru. Niliyatazama yale mashavu kama mtu anayetazama ukuta alioujenga mwenyewe.

Nilidhani anaona kinyaa kama wengine. Sikuwahi kumuuliza.

Siku moja mchuuzi alichelewa kuliko kawaida. Alifika na hasira, akatua tenga, akaanza kusimulia jinsi alivyosimamishwa mara tatu tangu atoke mtoni, na jinsi askari alivyomwamuru amwage samaki wote chini.

"Nikamwambia, afande, hawa ni mkizi, hata panga hawajui kushika," alisema, akacheka mwenyewe.

Yule mwanamke alikuwa ameketi nyuma yake. Kisu kikasimama juu ya muhogo. Hakunitazama mimi. Alimuuliza mchuuzi kama samaki wake huwatoa mtoni siku zote.

"Siku zote, dada," mchuuzi akajibu kwa fahari. "Mimi na mto ule tumezeeka pamoja."

Nikaanza kueleza. Kisha nikafungua kasha la visu, nikatoa kijitabu, nikatafuta ukurasa, nikamsomea sehemu niliyoipigia mstari. Nayaandika haya kwa sababu ndiyo yanayonirudia nikiwa peke yangu: mbele ya mchuuzi na mke wangu, nilimsomea habari za matope.

Aliniacha nimalize.

"Mimi sikukuuliza samaki wanakula nini, shemeji. Nilikuuliza wametoka wapi."

Kisha alimgeukia mke wangu, akamweleza yeye. Siku aliyokanyaga Kitaya aliweka nadhiri kwamba hatatia kinywani kitu cha mto ule mpaka ajue mumewe yuko wapi. Samaki hakuwaogopa. Kwake, kula kulikuwa kukubali kwamba mume wake yumo majini.

"Chumba ni cha dada yangu, kazi ni yenu, hata kanga hii nimepewa," alisema. "Hilo tu ndilo nililokuwa namfanyia mume wangu mimi mwenyewe."

Aliumaliza muhogo uliokuwa mkononi, akaosha kisu, akakirudisha mahali pake, akaondoka. Mchana ule niliwauza samaki walewale. Walioniuliza niliwaambia wa Mikindani.

Siku ya nne bila kumwona, mke wangu alikwenda Chuno. Aliporudi alisema yule mwanamke amekaa eda. Nilimuuliza nani amemletea habari ya msiba.

"Hakuna aliyemletea. Dada yake alimwambia eda haikaliwi kwa kukisia. Yeye anasema amekwisha kula."

Nilitaka kwenda Chuno mwenyewe. Lakini aliye edani haonani na mwanamume wa nje, kwa hiyo nilichukua kalamu. Niliandika kurasa mbili. Nilieleza hali ya biashara tangu vita ianze, kucheleweshwa kwa tenga, na nia yangu, ambayo niliiita njema. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Alisema haipeleki, kwa sababu humo ndani bado namfundisha. Nilikaa nikaipitia nikiwa na penseli, kama nisomavyo vitabu vyangu. Ile aya ya mkizi na matope ilikuwemo. Nilikuwa nimeiandika kwa ufasaha kuliko kijitabu chenyewe.

Barua ya pili ilikuwa na mistari mitatu. Kwamba samaki walikuwa wa mtoni tangu siku ya kwanza. Kwamba nilijua. Kwamba mke wangu alinikanya, nami sikumsikia.

Mke wangu aliikunja, akaitia kwenye mfuko juu ya unga wa muhogo aliokuwa ameusaga kwa ajili yao, akaenda. Alirudi alasiri. Sikuthubutu kumuuliza kama imesomwa. Alijifunga kanga kiunoni, akavuta ndoo, akaanza kumenya mihogo peke yake.