Friza la Ukoo

Mabatini wananijua. Ukishuka pale barabarani ukaulizia duka la vifaa vya ujenzi la yule bwana mwenye sauti, utapelekwa hadi mlangoni. Duka lile sikurithi kwa mtu. Niliishia darasa la nne, nikasukuma mkokoteni, nikauza misumari kwa kupima na kopo chini ya turubai, na leo nauza saruji, nondo na mabati, na toyo zangu, zile pikipiki za magurudumu matatu, zinapeleka mizigo mpaka Igoma. Waliosoma wanapanga foleni kwangu kama watu wengine.

Lakini katika yote niliyoyafanya, ninalojivunia zaidi si duka. Ni friza moja lililoko Busisi, ambalo wala sikulinunua.

Nianze na dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa anakaanga samaki Busisi, pale magari yalipokuwa yanasubiri kivuko, na samaki wale ndio walionivisha na kunilisha. Abiria wa Geita walikuwa wanakaa pale muda mrefu, wana njaa, wana kiu, na mbele yao ni maji. Soko la namna hiyo utalipata wapi tena? Mteja amezuiwa na ziwa lenyewe. Dada alilitawala. Madereva walikuwa wanamwita mama mkwe ili awawekee vipande vya kichwa.

Kisha daraja la kuvuka ziwa likafunguliwa. Nilishangilia kuliko wote, maana mimi ni mtu wa mizigo. Siku ya kwanza kulipita na kirikuu yangu, kigari changu cha mizigo, nilipiga honi kutoka Kigongo mpaka ng'ambo. Kwa dada mambo yakawa mengine. Hakuna anayesubiri tena. Magari yanapita pale kama yanafukuzwa. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta ameketi peke yake kwenye benchi la wateja, karai limepoa.

"Dada, njoo mjini," nikamwambia. "Nyumba ni kubwa."

"Nije nifanye nini? Nikae kwenye kochi lako nikusikilize unavyojisifu?"

"Basi nikupe mtaji."

"Nilikulea mimi. Hutanilea wewe."

Dada hakuwa amekaa bure pale kwenye benchi. Alishafikiri. Alisema msafiri wa Geita hana haja ya kula njiani tena, lakini bado anataka sato wa ziwani apeleke nyumbani, na atamtaka akiwa ameganda kama jiwe ili asiharibike. Alichokosa ni friza. Nikasema kesho linafika. Akasema likifika atalipakia tena kwenye gari kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nikamwamini, kwa sababu mikono ile naijua tangu utoto.

Nilirudi mjini nimenuna. Nina uwezo wa kununua kitu, na mtu ninayemtakia kitu hicho hakitaki kutoka kwangu. Hilo linauma kuliko kukosa uwezo.

Dawa niliipata kwenye foleni ya supamaketi. Pale mjini kuna supamaketi moja kubwa yenye kadi ya uanachama. Ukinunua unataja namba ya simu ya mwenye kadi, pointi zinaingia, na zikifika kiwango unachagua zawadi. Mimi kadi nilikuwa nayo kwa sababu mke wangu aliniandikisha, lakini sikuwahi kuitazama. Siku hiyo nikaona bango la zawadi. Chini kabisa vikombe, katikati feni, na juu kabisa, peke yake, friza. Mwisho wa kuchukua zawadi ulikuwa ni mwisho wa mwezi.

Nikampigia dada palepale. Nikamweleza kwamba ukoo wote tutanunua kwa namba moja, na yeye mwenyewe akija mjini kuchukua sabuni na mafuta ataitaja namba hiyohiyo.

Akauliza, "Na sabuni yangu itakuwemo?"

"Itakuwemo."

"Basi hilo litakuwa letu wote. Hilo nalipokea."

Enyi mnaosema sikusoma, mngeniona wiki zile. Nilipanga ukoo kama inavyopangwa timu ya mpira. Nikapita Butimba kwa shangazi, nikapita kwa wakwe, nikapita kwa binamu zangu mmojammoja. Kulikuwa na harusi ya mpwa wangu, na kwenye kikao cha kamati nikasimama nikasema mchele, mafuta na soda vyote vinunuliwe pale kwa namba yangu. Katibu akauliza kama nimegeuka wakala wa supamaketi. Nikamwambia andika, maswali baadaye. Bibi yangu mzaa mama, anayeishi jirani na shangazi kule Butimba na hajui kusoma, nilimfundisha namba ile kwa kuiimba. Aliishika mpaka akawa anaiimba akichambua mchele, na watoto wa pale nyumbani nao wakaishika. Ikafika mahali mtaa mzima unaijua namba yangu ya simu, na wengine wakanipigia kunisalimia tu.

Pointi zilipanda. Tulibakiza kidogo sana, na siku chache mkononi, ndipo bibi akaenda kununua sukari.

Keshia alikuwa mgeni. Bibi akaimba namba. Keshia akasoma jina na umri wangu kwenye kompyuta, akauliza, "Bibi, huyu mwenye kadi ni nani wako?"

Bibi akajibu, "Mume wangu."

Sasa kwa sisi hilo ni jibu sahihi. Bibi yangu hajawahi kuniita kwa jina tangu nizaliwe. Mimi ni mume wake, mke wangu ni mke mwenzake, na kila tunapokutana wanagombana juu yangu mpaka chakula kiive. Lakini keshia aliona mume mwenye umri wa kuwa mjukuu, na kwenye kompyuta aliona mke mwingine ameandikwa. Walikuwa wametahadharishwa kuhusu watu wanaotumia namba za wenzao. Akamwita meneja. Meneja akafungua taarifa za kadi, na jioni ile nikapata ujumbe kwamba kadi yangu imesimamishwa.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Meneja alikuwa kijana mstaarabu, ameletwa kutoka Dar, shati limenyooka. Akanikaribisha kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nifungulie kadi yangu."

"Mzee, masharti yanasema kadi ni ya mwenye kadi na familia yake. Hii yako inatumiwa na watu wengi mno."

"Ndiyo familia yenyewe."

Akasogeza uso kwenye kompyuta. "Makeshia wangu wanasema kuna anayekuita baba, kuna anayekuita baba mdogo, kuna wa mjomba, kuna wa shemeji, kuna mwanaume mmoja mwenye mvi kasema wewe ni baba yake. Na jana bibi mmoja kasema wewe ni mumewe."

"Wote wamesema kweli."

"Hata bibi?"

"Huyo ndiye mke mkubwa."

Hakucheka. Akaniambia kwa upole kwamba kama siwezi kuonyesha kuwa hawa ni familia moja, pointi zitafutwa. Niliona karai limepoa, nikamwona dada kwenye benchi lile. Zingefutwa, nisingekuwa na njia nyingine ya kumpa kitu akakipokea. Duka langu lote na toyo zangu zote zisingenisaidia.

"Unataka ushahidi gani?" nikamuuliza. "Vyeti vya kuzaliwa? Nusu yetu tumezaliwa shambani."

"Ushahidi wowote, mzee."

"Basi Jumamosi nakuletea familia."

"Sina mahali pa kuwakalisha."

"Watasimama. Tena watanunua."

Jumamosi walikuja. Sikuwaambia wavae vizuri, lakini walivaa kama wanakwenda kanisani. Shangazi na kitenge kipya, wakwe na miavuli, binamu na watoto wao, bwana harusi na bibi harusi wake bado ana hina miguuni. Wakajaza sehemu ya kuingilia, na mlinzi akaacha kufungua mlango akauegemeza tu na tofali.

Meneja akatoka ofisini, akasimama katikati yetu. Akamchagua mwenyewe yule mwenye mvi. Ni mtoto wa kaka yangu mkubwa wa baba mmoja. Baba alioa mapema na akazaa nami uzeeni, kwa hiyo mtoto huyu amenitangulia duniani, ana ndevu nyeupe na wajukuu. Hakujua kama anapimwa. Alikuwa ndiyo kwanza ananiona siku hiyo, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Unapoa, baba."

Meneja akatuangalia, mmoja na mwingine. Akamgeukia shemeji yangu, akauliza mimi ni nani wake. Shemeji akasema, "Huyu alitoa ng'ombe wachache sana kwa dada yetu, tunamvumilia tu." Akamuuliza mtoto wa shangazi. "Ni mtani wangu na ni kaka yangu, na kelele zake ndizo zilizonifanya nihamie Nyegezi." Kila aliyeulizwa alinikandia, na kila aliyenikandia alisogea karibu zaidi. Mgeni hawezi kukutukana namna ile. Lazima awe amekula kwako.

Bibi akaingia mwisho, ameshikwa mkono na mke wangu. Alipofika mbele ya meneja akauondoa mkono ule.

"Niache, mwizi wa waume," akamwambia mke wangu.

"Mchukue bibi, nimekurudishia," mke wangu akajibu. "Anakoroma."

"Alikuwa hakoromi nilipokupa. Umemharibu."

Hapo yule kijana akacheka. Alicheka mpaka akashika kaunta. Akasema bibi yake yuko Korogwe, na kila likizo akienda anapokelewa kwa kuulizwa kwa nini amemtelekeza mke wake. Akasema alipolisikia neno lile kutoka kwa keshia, ofisini, mbele ya kompyuta, haikumjia kabisa kwamba analijua tangu utoto.

"Sasa umeshalijua," bibi akamwambia. "Na wewe umeoa?"

"Bado, bibi."

"Basi nina nafasi."

Aliwapigia simu wakubwa wake Dar tukiwa tumesimama pale. Alieleza kwa Kiswahili cha ofisi, kisha nikasikia anasema, "Hapana, wote ni familia. Ndiyo, wote. Nimewaona." Akasikiliza. Akaangalia nyuma yetu, ambako wale waliochoka kusubiri walishachukua vikapu na foleni za makeshia zilikuwa zimefika kwenye rafu za unga. "Ndiyo," akasema. "Wananunua."

Kadi ikafunguliwa. Na manunuzi ya asubuhi ile, yaliyopita kwa namba ileile, yakatuvusha kiwango tukiwa hapohapo. Aliyepitisha pointi ya mwisho ni shangazi, kwa pakiti ya majani ya chai, na mpaka leo huwezi kunywa chai kwake bila kukumbushwa.

Walitaka kutupiga picha na zawadi. Mpiga picha akarudi nyuma, akarudi tena, akatoka nje ya mlango, akavuka upande wa pili wa barabara, na bado wakwe wa pembeni walikatwa. Nilisimama katikati, mkono mmoja juu ya friza, mwingine kwenye bega la bibi. Picha hiyo naisifu popote. Imebandikwa dukani kwangu, juu ya makopo ya rangi, na mteja hanunui hata brashi kabla sijamweleza.

Tulilipakia kwenye kirikuu, likafungwa kwa kamba nilizozifunga mwenyewe, tukaenda Busisi msafara mzima. Dada alikuwa barabarani. Alilizunguka friza, akafungua kifuniko, akaingiza kichwa ndani, akatoa.

"Nani kanunua nini humu?" akauliza.

Tukaanza kumjibu wote kwa pamoja. Mchele wa harusi, nepi, sukari ya bibi, majani ya chai. Alisikiliza kila mtu mpaka akamaliza, kama mtu anayepokea rambirambi, ila anatabasamu. Kisha akasema sabuni yake hajaisikia. Nikaitaja mimi. Akaridhika, akatuonyesha pa kuliweka.

Nilikwenda tena baada ya wiki kadhaa bila kumwambia. Wavuvi walikuwa wamemletea sato alfajiri, na friza lilikuwa limejaa hadi kifuniko kinapumzika juu ya mikia. Nikiwa bado nafunga gari, basi la Geita likapunguza mwendo. Basi lile, ambalo halina sababu yoyote duniani ya kusimama Busisi, lilikaa pembeni, kondakta akashuka mbio, na nyuma yake abiria na mifuko yao wazi. Baada yake likasimama lori. Baada ya lori, gari dogo la watu wanaokwenda msibani.

Mimi nikasimama mbele ya friza nikaanza kuwaeleza abiria lilivyopatikana. Nilikuwa nimefika kwenye bibi na keshia, na mama mmoja alikuwa ameshaanza kucheka, dada aliponisukuma kwa kiwiko bila hata kuinua macho kwenye mzani.

"Toka hapo," akasema. "Unanizuilia wateja."

Nikatoka. Nikaenda kukaa kwenye benchi, na benchi lilikuwa limejaa, ikabidi niombe nafasi.