Maoni Mia Mbili na Kumi na Nne

Mjomba wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Nukta, alikuwa msahihishaji wa gazeti kwa miaka thelathini na mmoja. Ukimwandikia "nakuja" bila nukta mwishoni, anakuuliza unakuja au umeishia njiani. Mkewe alipofariki alibaki peke yake kwenye vyumba viwili, na kila asubuhi alikwenda chumba cha kusomea cha halmashauri, akaketi meza ya dirishani mpaka saa saba. Maongezi hamna mle, ila kuna watu wanaopumua, na alisema hiyo inamtosha. Mie sikuamini, lakini nani abishane na mjomba?

Halmashauri ikatangaza kwamba chumba kile kitafungwa kigeuzwe ofisi. Mjomba akaja dukani kwangu, ninapochapa na kudurufu nyaraka, akagonga meza.

"Mpwa wangu, nifungulie blogu. Watu wajadili jambo hili kabla halijaamuliwa."

Nikamfungulia, nikamwonyesha pa kuandikia na pa kutumia makala. Akatoa sharti moja tu: maoni ya wasomaji yasitokee hadharani kabla yeye hajayasahihisha, maana hataki jina lake likae juu ya makosa ya watu. Nikabonyeza panapoamuru maoni yasubiri idhini, nikarudi kwenye mashine yangu.

Miezi minane aliandika, kila Jumatatu. Na msidhani ni porojo za mzee! Alihesabu wasomaji waliokosa viti, alichimbua kumbukumbu za vikao, alimuuliza diwani maswali kwa adabu inayouma kuliko tusi. Kila nikimkuta namuuliza, "Wasomaji wanasemaje, mjomba?" Anajibu, "Kimya." Nikasema ndivyo watu wetu walivyo, barazani midomo mirefu, likija jambo la maana wanaufyata. Niliwalaani, haki ya nani.

Siku ya mkutano wa wananchi, diwani akasimama na simu mkononi. "Ndugu zangu, blogu ndiyo hii. Makala thelathini na mbili, maoni sifuri. Mzee wetu anajiuliza na kujijibu mwenyewe."

Ukumbi ukacheka. Mjomba naye akatabasamu, na tabasamu lile linaniuma mpaka leo. Uamuzi wa kukifunga chumba ukapita bila hata kupigwa kura.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake kuifuta ile blogu, alisema imetosha. Nikaingia kwa mara ya kwanza tangu niifungue. Loo! Pembeni pameandikwa: Yanayosubiri, 214.

"Mjomba, haya hukuyaona?"

"Yapi? Mbona hukuniletea?"

"Nikuletee wapi?"

"Mezani! Maisha yangu yote kurasa zinaletwa mezani, nasahihisha, zinachukuliwa. Msahihishaji hazifuati. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikakaa chini. Yeye alingoja karatasi, mimi nikadhani anabonyeza mwenyewe. Nilitaka kumfokea, nilitaka kujizaba makofi, sikujua nianze na lipi. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Tukayasoma. Fundi cherehani aliandika kwamba wanawe hufanyia kazi za shule mle, kwake hapana nafasi. Mlinzi mmoja alisema anayo barua ya zamani ya halmashauri, yenye ahadi kwamba chumba hakitaguswa, akauliza aipeleke wapi. Mwingine: "Kuna mtu humu, au ni mimi tu?" Aliyemfuata aliuliza vilevile. Watu chungu nzima, na kila mmoja alijiona yuko peke yake, kwa hiyo hata mkutanoni wengi hawakuja.

Maoni ya kwanza kabisa yalikuwa ya wiki ile ya kwanza. "Mimi ndiye ninayekaa mkabala nawe, mwenye miwani mizito. Umenisemea yangu. Mwaka mzima hatujawahi hata kusalimiana. Ukinijibu hapa, kesho nitakusalimu."

Mjomba akayasoma mara mbili.

"Yule mama aliacha kuja," akasema. "Nikadhani nimemkera kwa kukohoa. Tangu hapo nikawa nakohoa nje."

"Anakaa wapi?"

"Nitajuaje? Sikuwahi kumuuliza hata jina."

Akanisogeza kando, akaandika kwa kidole kimoja: "Habari za asubuhi, dada. Nipo." Ilikuwa saa tisa alasiri. Akabonyeza, akabaki ameikodolea macho skrini. Nikamwambia anyanyuke kidogo nifute meza, tule.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huenda anaandika."