Maksai wa Shinyalu Wamponza Protus

Ukungu wa asubuhi bado umelala juu ya kichinjio cha Kakamega. Protus Masinde ameinama nyuma ya maksai mwekundu kutoka Shinyalu, mkono wake umepotelea katikati ya mapaja ya mnyama.

"We Protus, unamchinja ama unamposa?" auliza Mama Ayuma, muuza matumbo. Foleni nzima inaangua kicheko.

Protus hacheki.

Kwa miaka tisa amepasua mafuvu kwa shoka na kuchomoa tezi inayoning'inia chini ya ubongo, ndogo kama haragwe. Huitia kwenye chupa ya dawa: za fahali huku, za maksai kule. Mshahara ni shilingi tisini kwa mwezi. Harufu anakwenda nayo nyumbani bure.

Chupa humfikia Daktari Kiplagat, mtafiti wa mifugo. Yeye huchunguza nyuzi za neva zilizomo ndani ya tezi, ajue kama homoni za dume huzibadilisha. Maksai amehasiwa, kwa hiyo homoni hizo hana. Ndivyo vitabu vinavyosema.

Mwezi uliopita, nyuzi za maksai watano zilifanana na za fahali. Daktari akawaka.

"Umechanganya chupa! Ulikuwa umelewa?"

"Hapana, daktari. Hawa wametoka Shinyalu. Huko wazee hawatumii kisu, wanapondanga mishipa ya mapumbu kwa mti. Wakikosea, upande mmoja unabaki mzima. Jina maksai, mambo fahali."

"Umesoma mpaka darasa gani?"

"La nne."

"Basi sayansi niachie mimi."

Ikaja barua: kwa uzembe, kazi yake itakwisha Ijumaa hii.

"Wazungu niliwafanyia miaka sita, hakuna aliyeniita mzembe," asema Protus. "Uhuru una miaka mitatu tu, na aliyeniita hivyo ni mtu wa rangi yangu."

Sasa anautoa mkono. Upande mmoja umenyauka, mwingine umejaa tele. Anamsihi mchinjaji amwache mnyama hai hadi saa tatu. Daktari ameshapelekewa habari.

"Aje avue koti lake jeupe, ashike mwenyewe," asema. "Akishika, aichane ile barua."

"Na asipokuja, baba?" auliza Mama Ayuma, safari hii bila mzaha.

Protus anafuta mkono kwenye suruali.

"Nitaandika 'fahali' kwenye chupa ya huyu maksai. Angalau nifukuzwe kwa kitu nilichofanya."